Kijiko Kizima Mahali pa Robo

Kila wiki, nyumbani kwa Esteri Niyubahwe, juu kidogo ya Kibondo mjini, kulikuwa na umutobe wa aina mbili. Kulikuwa na ule wa kwenye madumu, wa kuuza, na kulikuwa na ule wa kibuyu kidogo, wa mume wake. Wote ulitoka kwenye ndizi zilezile, umekandwa kwa mikono ileile, umechujwa kwa kitambaa kilekile. Tofauti ilikuwa moja: wa kwenye madumu ulitiwa unga, wa kwenye kibuyu haukutiwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wa Tharsisi Hatungimana, na hakuna mtu aliyelijua hilo kuliko Esteri.

Umutobe ni maji matamu ya ndizi mbivu. Unafukia ndizi shimoni, unazitia joto la moshi kwa siku nne, unazimenya, kisha unazikanda pamoja na nyasi kavu mpaka zinatoa maji. Asubuhi hiyo ni asali. Kesho yake unaanza kuchemka wenyewe bila moto, na kesho kutwa ni pombe. Kwa mnywaji hilo si tatizo, ni baraka. Lakini Esteri na mumewe walikuwa watu wa kanisa la walokole, kanisa ambalo tone la pombe humtoa mtu ushirika, na harusi zote za kanisa hilo, kuanzia Kakonko mpaka Buhigwe, zilitaka umutobe mtamu usio na kosa. Kwa hiyo kazi ya Esteri ilikuwa mbio. Alikanda alfajiri ili watu wanywe mchana.

Alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili wakiwa na nguo za mwilini tu, wakapokelewa na Waha wa kijiji kimoja upande wa Kasulu, na hapo ndipo alipozaliwa. Shuleni aliitwa mkimbizi na watoto waliosema Kiha kilekile alichosema yeye. Cheti cha uraia alikipata akiwa mtu mzima, ana mtoto mgongoni. Kwa watu kama yeye, kufanya kitu vizuri kuliko wengine hakukuwa sifa. Ilikuwa namna ya kuomba wasisukumwe.

Tharsisi naye alikuwa wa asili hiyohiyo. Ujana wake aliumalizia kwenye mabani ya tumbaku, akilinda moto ili majani yakauke sawasawa, na moshi ule ulimwachia kifua kilichopiga filimbi. Hospitali walimwambia ni pumu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mcheshi kwa sauti ya chini, na alipokuwa akipanda kilima alisimama kila hatua ishirini akijifanya anatazama mashamba ya watu.

Unga uliingia nyumba hiyo kwa sababu ya aibu.

Katika ibada ya shukrani mjini Kasulu, Esteri alipeleka madumu matatu. Mkubwa wa shughuli alikuwa Mzee Nkunzimana, mzee wa kanisa, Muha wa ukoo wa zamani, mtu mwenye kofia ya sufu na sikio lililoogopwa na wapika umutobe wote. Kipimo chake kilijulikana. Alijaza chupa ya soda, akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, akaitikisa, akaisogeza sikioni, akalegeza kidole. Chupa ikinyamaza, watu wakanywa. Siku ile chupa ya Esteri ilisema fyuu. Mzee Nkunzimana akaimwaga kwenye majani mbele ya akina mama wote.

"Mama Aline," alimwambia Esteri kwa jina la binti yake, "huu jana ulikuwa umeokoka. Leo umerudi nyuma."

Watu walicheka sana. Esteri mwenyewe alicheka. Lakini wiki iliyofuata alikuwa dukani kwa Hilali, sokoni Kasulu, akiuliza kama kuna kitu cha kuzuia ndizi zisichemke.

Hilali aliuza mahitaji ya waokaji, rangi za keki, magadi, hamira. Alitoa mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo, ndani yake unga mweupe, mfuko hauna hata herufi moja. Alimwambia kwamba hata divai za kanisani hutiwa kitu hichohicho na maaskofu hawajafa. Alipoulizwa kiasi, alikunja vidole vitatu kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote iliyouzwa pamoja na ule unga.

Ukafanya kazi. Siku ya tatu chupa ilinyamaza. Siku ya kumi ilinyamaza. Umutobe wa Esteri ulianza kusafiri. Ulifika mpaka kwa wachuuzi wa lango la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako akina mama wa Kikongo waliuita jus na kuusifia kwa Kifaransa. Ulikuwa na harufu kidogo ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, lakini ukipoa haikusikika.

Tharsisi alikunywa nusu kikombe cha dumu la kwanza, kifua kikafunga tangu asubuhi mpaka saa sita. Wakasema ni moshi wa shimo la ndizi. Wiki ya pili ikawa vilevile. Na huenda wangeendelea kulaumu moshi kama Yasmini asingefika.

Yasmini alikuwa ofisa wa serikali wa usalama wa chakula, binti mwembamba mwenye hijabu ya kijivu, mzaliwa wa Kasulu mjini, aliyepanda pikipiki mpaka vijijini kukagua wasindikaji wadogo. Alimpa Esteri shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akaomba kuuona unga. Kisha akamweleza mambo ambayo mtu yeyote angestahili kuelezwa siku ya kwanza dukani. Kwamba unga ule, jina lake salfaiti, ukikutana na uchachu wa tunda hutoa gesi iitwayo dioksidi ya salfa, na gesi hiyo ndiyo inayoua vijidudu vya kuchemsha. Kwamba haikatazwi, dunia nzima huitumia, kwenye divai, kwenye matunda makavu, ila kwa kipimo, na kwenye juisi kipimo chake ni kidogo sana. Kwa dumu la lita ishirini, robo ya kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, isizidi. Na kwamba lazima iandikwe kwenye chombo: ina salfaiti, wenye pumu wajihadhari, maana watu wengi hawahisi chochote, lakini mwenye pumu inaweza kumfunga pumzi.

Esteri alimwambia habari za mumewe. Yasmini aliweka kalamu chini.

"Mama, baba asiionje kabisa. Hata kifuniko kikifunguliwa akae mbali."

Tangu siku hiyo pakawa na kibuyu kidogo pembeni, umutobe mbichi wa Tharsisi, wa kunywewa siku hiyohiyo. Na tangu siku hiyo Esteri akawa mtu wa robo kijiko. Kwa miaka miwili hakukosea. Alisawazisha kwa mgongo wa kisu huku ameshika pumzi kama anayepaka wanja. Lebo aliziandika kwa mkono, akazibandika kwa uji wa muhogo kwenye kila chupa na kila dumu. Wanaoandika sheria wakiwa ofisini waliandika kwa ajili ya watu kama yeye, na yeye aliwatii kuliko viwanda vinavyotii. Hilo lisisahaulike katika yote yanayofuata.

Kisha Aline akapata mchumba.

Aline alikuwa mtoto wao pekee aliyekua. Alifundisha shule ya msingi Kasulu, akaimba kwaya huko, na katika kwaya hiyo akakutana na kijana wa tatu wa Mzee Nkunzimana. Mzee alikubali bila mizengwe. Alikuwa mtu wa kelele lakini si mtu wa chuki. Walionung'unika ni mashangazi wa kijana. Maneno yao yalifika Kibondo kabla ya barua ya posa: kwamba wanakwenda kuoa kwa wakimbizi, kwamba huko watapewa nini cha kunywa. Esteri aliyasikia akiwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya.

Siku ya kumuaga Aline ilipangwa mwezi wa saba, maharage yakiwa yameshavunwa. Wageni wangetoka Kasulu, wangepokelewa uani, na kabla ya neno lolote, baba wa binti angeonja kinywaji mbele yao. Hiyo ndiyo desturi ya huko, ya Waha na ya Warundi vilevile. Mwenye nyumba hampi mgeni kibuyu asichokinywea yeye kwanza. Haisemwi kwa nini. Kila mtu anajua. Anayeonja anasema kwa koo lake kwamba humu hamna ubaya. Walokole walipoacha pombe waliweka umutobe mahali pake, lakini kuonja hawakukuacha.

Esteri na Tharsisi walilizungumza jambo hilo wiki nzima, kwa kunong'ona, na kwa kicheko pia. Wakakubaliana. Kibuyu kidogo kingesukiwa shanga shingoni kionekane cha heshima, kingejazwa umutobe mbichi wa alfajiri ile, Tharsisi angeonja hicho na kumpa Mzee Nkunzimana hichohicho, kisha wengine wangemiminiwa kutoka kwenye madumu. Wageni wangefika saa tatu asubuhi. Mpango ulikuwa mzuri.

Madumu mawili ya wageni Esteri aliyaandaa siku mbili kabla. Alitia robo kijiko kila moja, akasawazisha. Lakini ndizi za safari ile zilikuwa zimeiva kupita kiasi na jua lilikuwa kali, na mchana wa kuamkia shughuli akajaza chupa, akatikisa, akaisogeza sikioni. Alisikia kitu. Au alidhani amesikia. Mpaka leo hana hakika. Kilichomjia kichwani ni majani ya Kasulu yakinyeshewa umutobe wake, na wale mashangazi, na Aline akiwa amesimama katikati yao na gauni lake. Akafungua mfuko wa unga. Akaongeza robo. Akatikisa tena, akasikia tena. Akaongeza nyingine, na nyingine, mpaka kila dumu likawa limepata kijiko kizima, na chupa ikanyamaza kama jiwe. Harufu ya kiberiti ilipanda mpaka machozi yakamtoka. Akaponda tangawizi nyingi, akakamulia humo, harufu ikafunikwa.

Hakumwambia mtu. Kilikuwa kitu cha siku moja, kwa watu wenye vifua vizima. Na lebo hakubandika. Nani anabandika lebo kwenye kinywaji cha wakwe zake?

Siku ilipofika, saa tatu ikapita. Gari la wageni lilipasuka gurudumu njiani, la akiba nalo likapasuka, wakakaa kando ya barabara wakisubiri fundi. Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Wageni waliingia uani saa tisa na nusu, wamechoka, wamejaa vumbi, wanaimba. Esteri alikimbilia jikoni kuchukua kibuyu chenye shanga. Kwa jua lile na ndizi zilezile zilizoiva kupita kiasi, povu lilikuwa limesimama shingoni. Alikitikisa kidogo na kikapumua wazi, kwa sauti ambayo hata mtu asiye na sikio la Mzee Nkunzimana angeisikia.

Alimwita Tharsisi nyuma ya nyumba, akamwonyesha. Tharsisi alikuwa amevaa koti la kuazima lenye mabega mapana kuliko yake. Alilitazama lile povu, akatabasamu.

"Kimerudi nyuma," alisema.

"Baba Aline, tuwaambie unaumwa. Mdogo wako aonje."

"Baba nipo, nimesimama, halafu aonje mdogo wangu? Watasema nini hao akina shangazi? Leta kibuyu kikubwa, ukijaze wa dumuni. Nitagusa mdomo."

"Usiguse."

"Si robo kijiko? Nilishakunywa zamani nikakohoa mpaka saa sita. Sikufa."

Hapo ndipo Esteri alipofungua kinywa kumwambia kwamba si robo. Na hapohapo wakaita kutoka uani kwamba wageni wameketi, Tharsisi akamgusa begani, akaondoka. Kulikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo; neno moja lingeenea humo. Esteri hajawahi kujidanganya juu ya hilo. Alijisemea kwamba atagusa mdomo tu, kama alivyosema, akaingia ndani kumimina.

Kibuyu kikubwa kilikuwa na shingo nyembamba. Hewa ya dumu lililofungwa tangu jana yake iliingia humo pamoja na kinywaji, ikakaa pale juu, ikisubiri pua.

Tharsisi alisimama mbele ya wageni, akasema maneno ya kuwakaribisha, akainua kibuyu, akagusa mdomo, akakishusha. Alikuwa amefanya alichoahidi. Ingeishia hapo.

Lakini Mzee Nkunzimana alikuwa na furaha, na wakwe kwa wakwe hutaniana. Siku kama hiyo kunyamaza ndiyo dharau.

"Bwana mkwe," alisema, akigeukia watu wake, "mimi naona umekibusu. Au humu kuna kitu cha kuonja sisi peke yetu?"

Uwanja ukacheka. Shangazi mmoja, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika, akasema labda huko kwao ng'ambo ndivyo wanavyoonja. Kicheko kikapungua kidogo, kikawa kicheko cha aina nyingine. Aline alikuwa ameinamisha kichwa chini ya mtandio.

Tharsisi alicheka pamoja nao. Akainua kibuyu tena, safari hii kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa kama mtu mwenye kiu, koo likipanda na kushuka, watu wakianza kupiga makofi kwa kuhesabu.

Esteri alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliona kila funda. Alijua kilichokuwa humo kuliko mtu yeyote chini ya jua lile. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu, Baba Aline acha, na sauti alikuwa nayo. Lakini kuyasema pale, mbele ya wale watu, kwa kibuyu kile ambacho dakika moja baadaye kingekuwa mkononi mwa mkwe, ni sawa na kutangaza kwamba nyumba hii inawapa wageni sumu. Ndoa ingekufa palepale uani. Mashangazi wangepata walichokuja nacho. Hayo yote alikuwa na muda wa kuyafikiri. Alifikiri, na akanyamaza, na sinia halikutikisika.

Tharsisi akampa kibuyu mkwewe. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, akayapangusa, watu wakadhani ni uchungu wa baba. Mzee Nkunzimana alijaza chupa yake, akatikisa, akasikiliza kwa muda mrefu uwanja ukiwa kimya, akalegeza kidole. Hapakuwa na sauti. Akatangaza kwamba huu umeokoka kweli, watu wakaimba. Tharsisi akasema maneno ya kumtoa binti yake. Aliyasema mafupi, akivuta hewa katikati kama mpanda mlima, na hakutazama mashamba ya mtu. Kisha akainuka polepole, akazunguka nyumba.

Esteri alimkuta ameegemea ukuta karibu na mahali pa kuoshea vyombo, mikono imeshika magoti, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Koti la kuazima lilikuwa limepanda mpaka masikioni kwa jinsi alivyokuwa akivuta pumzi isiyokuja. Kile kipampu cha kupulizia mdomoni, ambacho mgonjwa wa pumu hutembea nacho kama mwingine anavyotembea na simu, hakikuwemo mfukoni, kwa sababu hakikuwemo nyumbani, kwa sababu hakikuwemo kwenye zahanati ya kijiji tangu mwezi wa nne. Vilikuwepo vidonge. Mtu anayezama juu ya nchi kavu alikuwa amepewa vidonge.

Walimpakia kwenye gari lilelile la wageni. Mzee Nkunzimana mwenyewe alimshika kichwa. Hospitali haikuwa mbali. Tharsisi hakuifikia.

Katika matanga, hakuna aliyemlaumu Esteri, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Wote walikuwa wamekunywa, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Walisema ni pumu, walisema ni vumbi la wageni, walisema ni furaha iliyomzidi moyo. Mzee Nkunzimana alishika jembe kaburini akakataa kupokewa. Mashangazi walipika siku tatu, na yule wa maneno ya ng'ambo alilia kuliko wote, akamkumbatia Esteri akimwita dada. Hilali alikuja kutoka Kasulu na mfuko wa sukari, akaketi na wanaume. Esteri aliwatazama watu hawa waliokuwa wema kwake, akaona kwamba ukweli wake hauna mahali pa kukaa kati yao.

Yasmini alikuja siku ya nne. Esteri alimchukua jikoni, akampa chupa ya kilichobaki dumuni, akamwomba akipime.

"Mama, unataka namba ya nini?"

"Ya kujua."

Namba ilikuja kwa simu baada ya wiki mbili. Ilikuwa karibu mara nne ya kinachoruhusiwa. Esteri akamwambia Yasmini kwamba aliweka kijiko kizima, na kwamba anataka aandikiwe kosa, apelekwe anakopelekwa mtu aliyekosa. Kisha Yasmini akaeleza, kwa upole wa mtu anayemfunika mwenzake, kwamba kanuni zile zinahusu chakula kinachouzwa. Kile hakikuuzwa. Kilikuwa kinywaji cha nyumbani, na hana fomu ya hicho.

Kwa hiyo sheria ilikuwepo, nzuri, yenye kipimo sahihi na maneno ya kuonya, ikafika mpaka mlangoni kwa Esteri na kugeuka. Ilijua chupa ya dukani. Haikumjua mwanamke anayeogopa sikio la mkwe. Haikujua kwamba katika milima hii kinywaji kikali kuliko vyote ni kile kisichouzwa, kinachotolewa kwa heshima, na ambacho baba hawezi kukikataa mbele za watu. Na kipampu kimoja, kitu kidogo kama kidole, kilikuwa kimekwama katika karatasi za mtu fulani mahali fulani, na mtu huyo wala hajui kwamba alikuwepo uani siku ile.

Baada ya hapo Hilali alianza kuandika kwenye mifuko yake kwa kalamu ya wino mzito, robo tu, wenye pumu hapana. Yasmini ndiye aliyemwamuru, na aliitikia bila ubishi.

Ndoa ya kanisani ilisogezwa mpaka mwezi wa tisa. Siku tatu kabla ya Aline kuhamia Kasulu, Esteri alimchukua shambani asubuhi kung'oa mabua. Walifanya kazi mpaka jua likapanda. Kisha Esteri akamwambia yote, kuanzia mchana ule wa kutikisa chupa mpaka sinia mlangoni. Hakuacha kitu na hakujitetea. Aline aliendelea kung'oa wakati mama yake akisema, bua baada ya bua, mpaka alipofika mwisho wa tuta. Hapo akasimama.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwona."

"Ego, mwanangu. Nilikuwa namwona."

"Na ulinyamaza kwa ajili yangu."

Ndivyo ilivyokuwa, ila lilipotamkwa na Aline lilikuwa kama jambo la kutisha lililofanywa na mtu mwingine.

"Mama, ungekuwa wewe ndiye unayekunywa," Aline alisema, "baba angepiga kelele. Ndoa ingevunjika na angepiga kelele."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alikusanya mabua yake, akayafunga, akajitwika, akatangulia nyumbani, na jioni alimpikia mama yake ugali wa muhogo na dagaa kama kawaida, akamnawisha mikono.

Sasa ni mwaka wa pili. Shimo la ndizi limefukiwa na juu yake Esteri amepanda viazi vitamu. Watu bado huja kutoka mbali kuulizia umutobe, yeye huwaelekeza kwa mama mwingine chini ya kilima, na kabla hawajaondoka huwauliza kama nyumbani kwao kuna mwenye pumu. Wengine hudhani amechanganyikiwa kidogo kwa ujane. Hawakatazi kudhani.

Aline amepata mtoto wa kiume, wakamwita Tharsisi. Esteri amemwona mara moja, kwa siku mbili, na alipokelewa vizuri sana, kama mgeni. Kila Jumapili baada ya ibada Aline humpigia simu. Anauliza kama mvua imefika, Esteri anasema imefika au haijafika. Anauliza maharage. Anauliza magoti. Mtoto husikika nyuma akibwabwaja, na wakati mwingine Aline humsogezea simu apumue kidogo kwenye sikio la bibi yake. Kisha Aline anasema haya mama, na Esteri anasema haya, na hakuna anayekata. Wanakaa hivyo, kila mmoja akisikiliza upande wa pili, mpaka muda wa maongezi unaisha wenyewe.